"Babu, chura ana mfuko?"

Usiku wa kwanza nilipolala Kitengela sikupata usingizi. Haikuwa baridi, ingawa baridi ya bara mtu wa Mombasa haizoei hata akikaa nayo miaka, zilikuwa kelele. Mvua ilinyesha tangu alasiri, ikaacha magharibi, na tulipokwisha kuswali Isha vyura wakaanza. Kwanza alilia mmoja nyuma ya ukuta, sauti yake kama mtu azibuaye chupa. Akaitikiwa na wa pili, na wa tatu, mpaka ikawa kama harusi yenye ngoma kumi, na kila mpigaji hataki kumsikiliza mwenziwe.

Binti yangu, ambaye mumewe anafanya kazi Athi River, aliniona nimetega sikio akacheka. "Hawa ndio majirani zetu, Baba. Wakinyamaza ndipo tunaposhtuka."

Mjukuu wangu alikuwa mezani na kitabu chake cha shule, amefungua ukurasa wenye picha ya kangaruu na mwanawe akichungulia mfukoni. Akasikiliza kelele za nje, akatazama picha, akaniuliza: "Babu, na chura naye ana mfuko?"

Tulicheka sote. Mama yake akamwambia aache upuuzi, akanawe akalale. Nami nikalala, lakini swali halikulala. Ijapokuwa nimekuwa mtu wa kalamu miaka mingi, nilitambua kuwa sijui chura hulea vipi, wala sijui huyo mnyama wa mfuko amepewa mfuko kwa nini. Basi nilipata siku za kuuliza na kusoma, na ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyakuta. Kwanza nataka kukiri kwamba mtoto hakuuliza upuuzi.

Kitengela iko mlango wa wilaya ya zamani ya Kajiado, ambayo siku hizi ni kaunti, katika nyanda ziitwazo Athi-Kaputiei. Udongo wake ni mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na mvua ikinyesha huvimba, ukaziba, maji yasipate pa kupita. Ndiyo maana kila penye bonde dogo pana dimbwi. Mwenye gari hulilaani dimbwi hilo, lakini kwa chura ndilo jumba la arusi, hospitali ya wazazi na shule ya watoto, vyote pamoja, na vyote ni lazima vimalizike kabla jua halijalikausha.

Yule mwenye sauti ya kizibo ni chura mdogo wa rangi ya mchanga mwenye mistari myeusi mgongoni. Wataalamu humwita Kassina. Ajabu yake ni kwamba harukiruki kama tulivyozoea. Hutembea kwa miguu minne, taratibu, kama mzee aendaye msikitini. Kiangazi chote hujificha chini ya ardhi au chini ya mawe, na usiku wa mvua ya kwanza hutoka. Dume huita, jike huja, mayai hutagwa majini, viluwiluwi wakajitegemea. Baba na mama wameshakwenda zao. Hivyo ndivyo wafanyavyo vyura walio wengi duniani: hutaga mengi, huacha, na aliyejaaliwa kuishi huishi.

Lakini si wote. Katika nyanda kavu za Afrika, na Kenya ikiwamo, yuko chura mkubwa mnene wa jamii ya Pyxicephalus, ambaye mdomo wake ukimwona utasema umepasuliwa kwa shoka. Dume wa jamii hii hukaa na viluwiluwi wake akiwalinda, na akisogelewa huuma kwelikweli. Dimbwi dogo likianza kukauka huku la jirani lingali na maji, baba huyu huchimba mfereji kwa miguu ya nyuma na kwa mwili wake, matopeni, mpaka maji ya dimbwi kubwa yaingie kwa wanawe au wao watoke waende huko. Wataalamu wameyaona haya kusini mwa Afrika na kuyapiga picha. Mimi nimejua wanaume wengi ambao hawangechimba mfereji huo.

Na mfuko? Naam, mfuko upo. Katika misitu ya Amerika ya Kusini wako vyura ambao jike ana kifuko cha ngozi mgongoni. Mayai yakishatagwa dume huyasukuma humo, na humo ndimo yakuamo. Katika aina nyingine watoto hutoka wakiwa viluwiluwi, katika nyingine hutoka vyura kamili. Na Australia kwenyewe, nchi ya kangaruu, yuko chura mdogo ambaye dume ndiye mwenye vifuko, kimoja kila ubavu, na viluwiluwi wenyewe hujipenyeza humo wakabebwa mpaka wawe vyura. Nilipompigia mjukuu wangu simu kumweleza, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: "Si nilikuambia, Babu?"

Hata hivyo chura aliyenikalia moyoni si wa Amerika wala wa Australia. Ni wa hapa kwetu, jirani wa Tanzania, na habari zake wengi walizisikia kwa mzaha tu. Namtaja chura wa Kihansi.

Mto Kihansi huteremka ukingo wa milima ya Udzungwa kwa kishindo kikubwa, na chini ya maporomoko, ndani ya korongo, manyunyu ya maji yalikuwa hayakatiki usiku na mchana, mwaka mzima. Penye manyunyu hayo paliota nyasi na kuvumwani vya peke yake, mahali padogo sana, kama hekta 2 tu kwa jumla. Mwaka 1996 watafiti walikuta humo chura wa rangi ya manjano ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote. Miongoni mwa waliomwandika ni Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jike mkubwa hafiki sentimita 3, dume ni kama sentimita 2.  Na hawakupatikana mahali pengine popote duniani ila korongo hilo moja.

Chura huyu hatagi. Huzaa. Mbegu ya dume huingia ndani ya jike, mayai hubaki tumboni, watoto hula akiba ya kiini cha yai lao, wakapitia ukiluwiluwi wao wote humo humo kizani. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba hata ukimtazama mjamzito utawaona wanawe kwa ndani. Huzaa kati ya 5 na 13, kila mmoja na miguu yake minne, urefu wake nusu sentimita, sawa na punje ya mchele. Akishazaliwa huanza kutafuta chakula chake.

Sasa mweke kando yake mnyama wa mfuko. Kangaruu anajulikana, basi nitamchukua mwingine, ambaye kisa chake kinakwenda sambamba na cha Kihansi kwa namna iliyonishangaza. Ni mnyama wa kisiwa cha Tasmania, kusini ya Australia, mweusi, ukubwa wa mbwa mdogo, mla nyama na mizoga. Wazungu waliohamia huko walisikia makelele yake usiku, wakaona weusi wake na meno yake, wakamwita shetani. Jina hilo silipendi, na mnyama hana kosa. Mimi nitamwita mnyama wa Tasmania, na msomaji atanielewa.

Jike wake huchukua mimba siku 21 tu. Siku ya kuzaa huzaa watoto 20 au zaidi, na kila mmoja ni kama punje ya mchele, kama yule wa Kihansi. Lakini hapa ndipo njia zinapoachana. Kitoto cha chura ni chura kamili. Kitoto cha mnyama huyu hakijawa kitu bado. Hakina macho, hakina manyoya, miguu ya nyuma ni vidonda vidogo tu. Kilicho nacho ni mikono miwili na mdomo. Kwa mikono hiyo hutambaa sentimita chache kutoka penye njia ya uzazi mpaka mfukoni, kishike chuchu. Na chuchu ni 4. Wa kwanza wanne wakishika, wameokoka. Waliobaki, hata wawe kumi na sita au ishirini, hufa siku hiyo hiyo. Walioshika hukaa mfukoni kadiri ya miezi minne.

Kwa hiyo mama wa Kihansi hufanya kazi yote ndani, kisha huachia. Mama wa Tasmania huachia mapema mno, kisha hufanya kazi nje. Chura amejengewa mahali pasipobadilika: manyunyu daima, baridi ile ile, adui wachache. Ndiyo maana anaweza kuzaa wachache na kuwaacha. Mnyama wa mfuko anatembea na nyumba yake. Kukiwa na njaa katika bonde hili, mama huvuka kwenda la pili, na watoto wamo mfukoni. Tofauti hii iwekwe akilini, kwani ndiyo iliyoamua mambo yote yaliyofuata.

Mwaka huo huo wa 1996, ambao chura wa Kihansi alionekana mara ya kwanza, huko kaskazini-mashariki ya Tasmania mpiga picha alimpiga picha mnyama mwenye uvimbe mbaya usoni. Ilikuja kujulikana kuwa ni saratani, na si saratani ya kawaida: hii huambukiza. Wanyama hawa huumana usoni wakigombea mzoga au wakati wa kujamiiana, na chembe hai za saratani hutoka kwa mmoja zikapandwa kwa mwingine kama mbegu. Aliyeambukizwa uvimbe humziba mdomo, akashindwa kula, akafa kwa miezi. Penye maradhi, wanyama 8 katika 10 walitoweka.

Na Kihansi? Kule chura hakuwa mgonjwa. Nyumba ndiyo iliyokatwa. Ujenzi wa bwawa la umeme juu ya maporomoko ulikuwa umekwisha anza kabla chura hajagunduliwa. Mwaka 2000 mitambo ilikuwa ikifanya kazi, megawati 180, na ili kuizungusha karibu sehemu 9 katika 10 za maji ya mto zilitolewa njia yake zikapitishwa mabombani. Manyunyu yakakatika. Sitaki nieleweke vibaya: taifa lilihitaji umeme huo, na mwenye jokofu la dawa katika zahanati hawezi kuambiwa angoje chura. Ninalolilaumu ni kwamba watu walikwenda kutazama nani anakaa nyumbani baada ya kupeleka fundi wa kuibomoa.

Katika mwezi wa Novemba na Desemba mwaka huo wa 2000 vyura 499 walikusanywa wakapandishwa ndege kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wakagawiwa bustani nyingine. Hapo ndipo mzaha ulipoanza. Barazani na magazetini, "vyura wa Kihansi" likawa neno la kuchekea: binadamu hana nauli ya basi, chura anakwenda Amerika! Nami nilicheka, sitajitoa.

Kule korongoni yalitandikwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga manyunyu ya asili. Kwa muda ilionekana dawa imepatikana. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikisiwa kufika 20,000 au karibu. Kisha kwa miezi michache tu wakaanguka. Januari 2004 waliokwenda kuhesabu waliwaona wasiozidi vidole vya mkono mmoja. Lilipatikana kuvu la ngozi ambalo limeua vyura katika mabara mengi, na wako wanaosema pia kuwa bwawa lilifunguliwa siku zile, likateremsha tope lenye dawa za wadudu za mashamba ya juu. Inawezekana ni yote mawili. Mwaka 2009 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Huko Marekani nako hakukuwa salama. Hawakuzoea taa, chakula wala maji ya kule, wakafa kwa mamia. Wakati mmoja walibaki kiasi cha 70 tu katika dunia nzima. Bustani mbili, ya Bronx na ya Toledo, Ohio, ndizo zilizojifunza siri yao, mpaka wakaongezeka kwa maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, wakawekwa katika jengo lao Chuo Kikuu. Na Desemba 2012, baada ya miaka kumi na miwili, kiasi cha vyura 2,000 waliachiwa tena katika korongo la Kihansi. Haikuwahi kutokea kabla yake kwamba chura aliyetangazwa kutoweka porini akarudishwa porini kwake.

Sasa tazama: mwezi mmoja kabla, Novemba 2012, wanyama 15 wa Tasmania wasio na ugonjwa waliachiwa katika kisiwa cha Maria, karibu na pwani ya Tasmania, kisiwa ambacho saratani haikufika. Visa viwili, pembe mbili za dunia, mwaka mmoja wa kuanza, na karibu mwezi mmoja wa kurudi. Lakini usidhani tiba ilikuwa moja.

Mnyama wa mfuko alipoachiwa alijisaidia mwenyewe. Alikula alichokikuta, akazaa, akabeba wanawe, akaenea kisiwa kizima. Kumbe alikuwa hodari kupita kiasi: mwaka 2021 wenye kuhesabu ndege walieleza kwamba pengwini wadogo wa kisiwa hicho, ambao miaka michache nyuma walikuwa jozi 3,000, wamekwisha. Pengwini haruki, hulala shimoni, na mgeni alikuwa na njaa. Huu ndio msaada ambao jirani hakuulizwa.

Chura wa Kihansi kwa upande wake, hata akizaa, hana pa kwenda. Mabomba yakiziba wiki moja, yeye ndiye wa kwanza kujua. Kila siku aliyobaki hai, yuko mtu aliyepanda korongo kuzibua vichwa vya mabomba. Mnyama wa Tasmania mwili wake uliugua na nyumba yake ikabaki nzima. Chura wa Kihansi alikuwa mzima na nyumba yake ikafa. Wa kwanza ukimpatia mahali pasipo maradhi umemtibu. Wa pili ukimpeleka New York na kumrudisha, bado hujamtibu, ila umemwekea pumzi.

Hapo nikarudi na mawazo yangu Kitengela, kwa sababu mnyama wa Kitengela anaumwa na nini, mwili au nyumba?

Miaka ya zamani nyumbu walikuwa wakitoka mbuga ya taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, wakivuka mto Mbagathi kwenda kusini katika nyanda hizi kuzaa, na kiangazi wakarudi. Mwaka 1978 walihesabiwa zaidi ya 25,000 katika Athi-Kaputiei. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Hawakupatwa na tauni. Njia ndiyo iliyozibwa: viwanda, mashimo ya mawe, barabara, na zaidi ya yote ploti, kila ploti na ua wake wa waya. Mji wa Kitengela mwaka 2009 haukuwa na watu 60,000. Hesabu ya 2019 iliwakuta zaidi ya 150,000. Miongoni mwao ni binti yangu na mumewe, na mimi ninayekwenda kula chakula chao. Kwa hiyo sina ubavu wa kumnyooshea mtu kidole.

Ilijaribiwa njia moja niliyoipenda kwa uwazi wake. Tangu mwaka 2000 wenye ardhi wa Kimasai waliokubali kutozungushia waya, kutogawa na kutouza, walilipwa shilingi 300 kwa eka kila mwaka, na malipo yakapangwa yawafikie wakati wa karo za shule. Mzee mmoja niliyepanda naye matatu kwenda Kajiado mjini aliniambia hakuna ubaya, ila mnunuzi wa ploti huja na fedha ya eka nzima mkononi, na karo ya chuo haingoji. Alinionyesha kwa kidole kutoka dirishani: huku tulikuwa tukichunga, huku tulikuwa tukinywesha. Nilichokiona mimi ni mabati na mawe.

Nikamwuliza kuhusu vyura. Alinitazama kama nimepungukiwa. "Chura?" akasema. "Chura akilia, tunajua ng'ombe watakunywa." Nikakumbuka msemo wetu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sisi wa pwani tumeutumia siku zote kumdharau mpiga kelele. Mfugaji huyu anaugeuza: kelele zenyewe ndizo khabari ya maji.

Nyumbu hata hivyo ana mbuga upande wa kaskazini na watalii wa kumlilia. Chura wa dimbwi hana. Yeye Kassina hayuko hatarini. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika, na sitaki kumtisha msomaji bure. Lakini kundi la dimbwi hili likifa, halipandi ndege wala halina mfuko wa kulihamisha. Chura wa mraba wa hatua mia hajui kwamba kuna Afrika. Na hapa pwani tunaye aliye hatarini kweli: katika msitu wa Shimba Hills, Kwale, yuko chura mdogo wa matete mwenye michirizi myekundu ambaye hajulikani kuishi nje ya vilima hivyo. Kwa hali yake yuko karibu na chura wa Kihansi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Wako watakaouliza chura anatufaa nini. Yeye na viluwiluwi wake hula, na wao huliwa. Dimbwi lenye vyura ni chakula cha korongo na cha yangeyange. Lakini hata asingetufaa, sisi tuna neno la kujibia. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumwua. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wametumia hadithi hiyo kueleza kuwa chura haliwi. Ninavyoona mimi, aliyekatazwa kumwua kwa kisu asijidanganye kwamba ameruhusiwa kumwua kwa lori la kifusi. Hayo ni maoni yangu, na wenye elimu watanisahihisha.

Na tusisahau jambo lingine la kidunia kabisa. Dimbwi la udongo mweusi lipo hapo kwa sababu maji yanapenda hapo. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia majumbani Athi River na Kitengela, na waliozamiwa wengi walikuwa wamejenga penye mabonde ambayo mzee yule wa matatu angewaonyesha bure. Ukimfukia chura, maji hayafi pamoja naye. Huja kukutafuta sebuleni.

Siku ya kuondoka kwangu, asubuhi, lori la kifusi lilikuja katika ploti iliyo nyuma ya ukuta wa binti yangu. Mwenye ploti ni kijana mwungwana, amekopa, anataka kuanza msingi kabla ya mwezi wa kwanza. Mkwe wangu alitoka kwenda kuzungumza naye. Hakuzungumza habari za vyura. Alimwambia habari za maji: kwamba akijaza upande wote, mvua ijayo atakuwa amejihamishia bahari kwa jirani, na bora aache upande wa chini, pembeni, achimbe mfereji wa kupeleka maji kwenye bonde la nyuma ya barabara. Kijana alikuna kichwa. Fundi wake alisema inawezekana, lakini itapunguza chumba kimoja cha kupangisha.

Waliliacha lori limwage nusu. Nusu ya pili wakasema wataizungumza Jumamosi.

Mjukuu wangu alikuwa juu ya tofali, kidevu kimefika ukutani, akiangalia. Alikwisha kunieleza kwamba katika dimbwi hilo amehesabu viluwiluwi 41, na kwamba wengine wameshaota miguu ya nyuma. Aliniuliza inachukua siku ngapi mpaka waote ya mbele. Nikamwambia kwa wengi wao ni wiki chache, ikitegemea joto na chakula. Akahesabu kwa vidole kutoka siku hiyo hadi Jumamosi, akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akarudi na ndoo ya mama yake.

"Ya kufulia hiyo!" binti yangu alipiga kelele kutoka jikoni.

Basi langu la Mombasa lilikuwa saa tatu. Nilimwacha akiuruka ukuta.